Familia ya Jalada la Idi

Jakarta, 20 Ramadhani

Kwa Baba yangu, Mwalimu Darsono,
Kutoarjo.

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.

Baba, nakushika magoti kwa karatasi hii, maana magoti yenyewe yako mbali. Natumaini funga inakwenda vizuri, na kwamba kile kikohozi kilichokuja na mvua kimekuachia kifua chako. Je, Shangazi Sumirah bado anakataa kuvaa miwani anapochambua mchele? Mwambie niliota nimeng'ata jiwe kwenye wali wake, nikaamka nimefurahi. Mimi ni mzima wa mwili, alhamdulillahi. Nafunga, nafanya kazi, nalala, naamka.

Juzi nilipokea barua ya mdogo wangu Laras. Aliniomba niichome nikishaisoma, na nisikuandikie neno mpaka harusi yake ipite. Sikuichoma. Tafadhali usimkaripie, ameomba tu kile ambacho yeyote aliyesubiri miaka mitatu angekiomba. Lakini ndani ya barua ile kuna habari yako ambayo siwezi kukaa nayo kimya.

Anasema ulikwenda stesheni kununua jarida letu la Kenanga, toleo la Idi, kama unavyolinunua kila mwezi kuangalia kazi yangu. Bi Tun alikuwa ameshalitundika mbele ya kibanda chake, na kabla hujatoa miwani akaanza: "Ee Mwalimu, mkwe mzuri hivi unatuficha? Uliogopa tutamla? Na mjukuu juu!" Ukatazama. Nilikuwa pale, nimekaa kwenye kiti, nimevaa kijani, mwanamume amesimama nyuma yangu na mkono wake uko begani mwangu, mtoto wa mwaka mmoja yuko pajani. Chini ya picha kwa herufi nyeupe: Anton, Wening na binti yao Kiki wanawatakia Idi njema, tusameheane ya nje na ya moyoni. Laras anasema ulimjibu Bi Tun, "Ndiyo. Ndoa ilifungwa huko huko Jakarta. Watu wachache tu." Ukalipa, ukalikunja jarida picha ikiwa upande wa ndani, ukaenda zako.

Wewe, Baba. Wewe uliyekuwa ukinipiga rula kwenye vidole nikifuta jibu la hesabu kwa ufutio, ukisema kosa hukatwa mstari mmoja ili kila mtu alione. Umesema uongo stesheni, mbele ya watu, ukiwa na funga, kwa ajili yangu.

Anasema jioni ile ulifuturu kwa tende moja na maji. Shangazi alihesabu kwa vidole Idi mbili ambazo sikuja nyumbani, akaona hesabu ya mtoto inaingia sawasawa, akaanza kulia. Wewe ulisema maneno haya tu: "Kama walii wa kuozesha hupatikana barabarani, basi baba ni wa nini?" Ukaondoka mezani. Kesho yake ukamwita Laras ukamwambia kwamba watu wa mchumba wake, Sigit, wanaweza kuja kuposa baada ya Idi, maana sasa hakuna dada mkubwa anayerukwa kwa mdogo wake kutangulia kuolewa.

Baba, sijaolewa. Hakuna aliyekaa mahali pako. Yule bwana si mume wangu. Simjui hata anakaa mtaa gani. Mtoto ana mama yake, na mama yake alikuwa amekaa hatua nne kutoka kwangu, nyuma ya taa, akila rambutani.

Najua ninachokiharibu kwa kuandika hivi. Nikisema sijaolewa, Laras anarudi kuwa mdogo anayetaka kumruka mkubwa wake, na wewe uliapa kwamba jambo hilo halitatokea tena nyumbani kwako. Nimekaa na kalamu siku mbili kwa sababu hiyo. Nitalirudia hilo. Kwanza nivumilie nikueleze jinsi jalada linavyotengenezwa, kwa sababu usipolijua hilo utadhani nilidanganya kwa siku moja, kumbe huu ndio ufundi ninaoufanya kila mwezi kwa mwaka wa nne sasa.

Jalada halitengenezwi kwa ajili ya msomaji, Baba. Hutengenezwa kwa ajili ya mpita njia. Wenye vibanda hutundika majarida yakilaliana kama vigae, kwa hiyo kinachoonekana ni ukanda wa kushoto tu, upana wa vidole vinne. Maneno mazito yote nayapanga huko kushoto. Uso unakaa katikati, macho yakiwa juu kidogo, na ni lazima yamtazame mnunuzi usoni. Mtu akitazama pembeni, jarida linabaki kibandani. Mdomo uwe wazi kidogo. Mkono usikatwe penye kiwiko wala kifundo, maana jicho litaona kilema. Kichwa kinaweza kufunika herufi moja ya jina la jarida ikiwa ni cha mtu anayejulikana nchi nzima; uso usiojulikana haufuniki jina. Rangi tatu, zisizidi. Mwezi wa Idi lazima moja iwe kijani. Kabla picha haijapigwa mimi huchora kila kitu kwenye karatasi ya kuona ng'ambo: hapa kichwa, hapa bega, hapa pawe patupu kwa ajili ya maneno. Mpiga picha hufuata mchoro wangu.

Likishatengenezwa, mhariri wetu, Bi Hertati, hulitupa sakafuni. Hurudi nyuma hatua tatu, hufunga macho, hufumbua. Jalada likimwita, hupitishwa. Lisipomwita husema, "Amekufa huyu, mzikeni," nasi tunaanza upya.

Jalada la Idi ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu halitaki mtu, linataka familia. Mama akae katikati, baba asimame nyuma na mkono begani, mtoto awe upande wa kulia. Nguo za kitambaa kimoja. Na miaka yote familia hiyo huundwa na watu wasiojuana. Wanafika asubuhi kila mmoja na mkoba wake, wanavalishwa, wanapendana kwa saa mbili, wanavua nguo za watu, wanaondoka. Picha hupigwa miezi miwili kabla ya Idi, wakati hakuna hata mtu anayefikiria kusamehe wala kusamehewa.

Mwaka huu mama wa picha alikuwa awe Vonny, mwanamitindo anayechukuliwa sana kwa sababu ana uso wa mtu aliyeshiba. Siku ya picha hakutokea. Mpiga picha wetu, Kaka Togar, mtu wa kabila la Batak anayeongea kana kwamba sote tuko ng'ambo ya mto, alizunguka studio akifoka kwamba taa zimeshapata moto, mtoto ameshaanza kulia, na bwana Anton ana tangazo la biskuti saa nane. Kisha akanielekea. "Wewe mchora mistari! Njoo ukae. Si wewe uliyekichora hicho kiti? Basi kikalie." Nikasema mimi si wa mbele ya kamera. Akasema, "Nani amekuuliza? Una macho mawili na pua moja, inatosha. Vaa kijani."

Nikavaa kijani.

Nataka kukuambia ilivyokuwa. Mkono wa Anton ulikuwa mzito na wa moto. Kila taa ilipowaka ulikuwa begani mwangu, na ilipozima aliuinua kama mtu anayeondoa mkono kwenye kifuniko cha sufuria. Mtoto alinyamaza akalala kifuani mwangu, kichwa chake kikinuka mafuta ya nazi na maziwa. Kaka Togar alipiga kelele, "Dada Wening, cheka, si matanga haya! Una mume, una mtoto, unataka nini tena?" Watu wakacheka. Nami nikacheka, na picha waliyoichagua ni hiyo ya kucheka.

Bi Hertati aliitupa sakafuni, akarudi hatua tatu. Alisimama muda mrefu kuliko kawaida. Akasema, "Huyu ananiita. Ila mshusheni kidogo, anafunika herufi na hakuna anayemjua." Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye jalada.

Kuhusu ule mstari wa chini: ni desturi ya Kenanga kwamba toleo la Idi liwe na salamu za familia. Mwaka juzi tuliandika majina ya mwigizaji na mke wake wa kweli. Mwaka jana hatukuandika majina, tuliandika salamu tu, kwa kuwa watu wa picha hawakuwa ndugu. Mwaka huu majina yapo. Nitakuambia kwa nini.

Baba, kila barua nimekuandikia kwamba nina marafiki wengi hapa. Ninao watu wengi ninaowafahamu. Jumamosi mchana ofisi ikifungwa nakwenda kwenye chumba changu cha kupanga kwa Bi Parmi, na kutoka saa hiyo hadi Jumatatu asubuhi hakuna mtu anayelitaja jina langu. Nimewahi kuchunguza. Mama wa gengeni huniuliza, "Sahani moja au mbili?" nami nasema moja. Wiki nyingine nimesema mbili, nikala moja Jumapili jioni ikiwa baridi, ili tu nisimsikie akisema "moja tena" kabla sijafungua mdomo. Wapangaji wenzangu wanakuja na kuolewa. Wakiondoka huniachia sabuni zilizobaki na vibanio vya nguo. Nina vibanio vingi sana, Baba.

Na nyumbani sikuja Idi hizo mbili si kwa sababu ya kazi. Kazi ya Idi huisha mapema, nimekueleza hapo juu, miezi miwili kabla. Sikuja kwa sababu kila nyumba nitakayoingia kuomba radhi wataniuliza, "Lini?" Bi Tun ataniuliza lini. Imamu ataniuliza lini. Laras haniulizi, ila ananiandalia kitanda vizuri mno, na hilo ni swali lile lile. Na wewe ungenitazama kama unavyomtazama Shangazi.

Sasa nifike penye jambo lenyewe. Nimelizunguka kurasa mbili.

Vonny hakukosa kuja. Alikuja kesho yake, Alhamisi, saa mbili kamili, akiwa amesuka nywele, akakuta studio imefungwa. Ni mimi niliyempigia simu Jumatatu kumwambia siku ya picha imesogezwa. Hakuna aliyeisogeza. Jumapili ile nilikuwa nimechora mchoro wa jalada chumbani kwangu, na nilipofika kwenye nafasi ya mama nikagundua kwamba bega nililolichora lilikuwa langu, lile la kushoto linaloshuka kidogo. Sikulifuta. Asubuhi nikapiga simu. Nilijua taa zikishapata moto Kaka Togar atamkalisha yeyote aliye karibu, nami nilihakikisha niko karibu.

Na ule mstari niliuandika mimi. Bi Hertati alikuwa amekwenda Surabaya, nami ndiye niliyepeleka kurasa kwa wachapaji. Niliandika majina matatu kwa ukubwa ule ule, nikayatazama.

Na lipo jingine. Sheria ya jalada ni kwamba kila kovu husafishwa kabla ya kuchapwa. Lile kovu langu la kidevuni, la siku niliyodondoka kwenye baiskeli yako tukitoka shuleni, msafishaji wa picha alilizungushia penseli ili aliondoe. Nilimwambia aliache. Aliniambia, "Litakuharibia uso, Dada." Nikasema liache. Bila kovu lile, kwa poda ile na taa zile, ungeweza kusema ni mwanamke mwingine anayefanana nami, na jina ni jina tu. Nilitaka unijue. Nilitaka ulione lile jarida likining'inia stesheni, na moyo wako utulie kwa mwezi mmoja kwamba binti yako mkubwa yuko mahali pamoja na watu.

Nilipima kila kitu, Baba, hata umbali wa kidole cha yule mtoto kutoka ukingoni. Sikumfikiria mtu ambaye hayumo kwenye picha. Katika miaka minne sijawahi kufundishwa kumfikiria, kwa kuwa mnunuzi haulizi nani hayupo. Sikukumbuka hata mara moja kwamba mwanamke hawi na mume bila baba yake kukaa mkekani na kutamka maneno. Nilijipa mume na mtoto kwa mchana mmoja, nikakupokonya wewe nafasi ambayo ulikuwa ukiisubiri tangu nizaliwe.

Jana nilikwenda kwa Vonny nikamweleza. Nilidhani atanifukuza. Lakini akasema, "Wewe mwanamke, si ungeniambia? Ningekukalisha badala yangu, nikaenda zangu sokoni." Halafu akaacha kucheka, akaniambia kwamba alikuwa amemwahidi mama yake jalada lile, na kwamba hatanisahau kwa hilo. Leo asubuhi nimemwambia Bi Hertati. Hakupandisha sauti. Amenitoa kwenye jalada na kunipeleka ukurasa wa mapishi, nyuma kabisa, baada ya utabiri wa nyota. Nimeshukuru. Kule naweza kupanga sahani bila kumdanganya mtu.

Sasa habari ya Laras. Baba, mimi sijawahi kuulizwa kama nakubali kurukwa. Uliapa kabla sijaulizwa. Najua uliapa kwa ajili ya Shangazi, dada yako mkubwa, kwamba ulimruka ulipomwoa Mama, naye hakuolewa kamwe, na wewe unaamini ulimfungia mlango. Nitakuambia kitu alichoniambia mwenyewe nikiwa na miaka kumi na sita, tukichambua mchele. Alisema, "Baba yako anadhani ndiye aliyeniziba njia. Wallahi niliwakataa wawili kabla hata hajabalehe, mmoja ana meno kama sepetu. Lakini mwache adhani. Si unaona vipande vya nyama ninavyopakuliwa?" Akacheka mpaka machozi. Kisha akasema taratibu kwamba nyama ile humkwama kooni, maana kila kipande kikubwa humkumbusha kwamba wewe unamwonea huruma.

Nakubali kurukwa. Nimeandika kwa mkono wangu ili Imamu akitaka ushahidi aone. Kwa desturi mkubwa ndiye anayetaja zawadi ya kurukwa, na mdogo hawezi kuikataa. Wengine hutaja dhahabu, au nguo kamili kuanzia kichwani hadi miguuni. Yangu haitoki kwa Laras, inatoka kwako. Nataka, kuanzia Idi hii, mezani unipakulie kipande sawa na cha wengine. Ukinipa kikubwa, nitajua umenihukumu. Nipe cha kawaida, Baba, hata chenye mfupa.

Habari za stesheni niachie mimi. Nikishuka nitapita kwanza kwa Bi Tun na kumwambia mwenyewe kwamba binti wa Mwalimu hajaolewa na kwamba picha ile ilikuwa kazi. Atacheka, atauliza lini, nami nitamwambia sijui. Wewe usirudi pale kusema lolote. Neno lako ulilolisema kwa ajili yangu nitalikata mstari mmoja mimi mwenyewe.

Nifikishie salamu kwa Shangazi Sumirah, na umwambie anisamehe kwa kuitoa siri ya mchele. Nisalimie Laras kwa kumbatio, umwambie sikumsaliti, nimempa kilicho changu. Nisalimie Sigit na wazee wake, na majirani wote hadi msikitini. Kwenye kaburi la Mama, ukienda kabla ya Idi kama kawaida yako, mwagie maua kwa niaba yangu pia.

Na kama nimekuumiza, ya nje na ya moyoni, na nimekuumiza, naomba radhi sasa, kabla ya siku yenyewe, ili siku hiyo nikikushika magoti nisiwe na la kusema.

Nitapanda treni ya asubuhi siku moja kabla ya Idi. Alasiri nitakuwa nimefika. Kama hujawa tayari kuniona usije stesheni, njia ya nyumbani naijua. Ukija, usitazame nyuma yangu kuona ni nani mwingine anayeshuka na mizigo. Mimi ndiye wote.

Wassalamu alaikum.

Ni mimi binti yako, ambaye walii wake bado ni wewe,

Wening